Kimea kwenye uji wa mtoto: kijiko kidogo, kazi kubwa

Malalamiko haya husikika mara nyingi kwenye kliniki za watoto, iwe Igoma, Sengerema au Ukerewe. Mtoto anakunywa bakuli zima la uji asubuhi na jingine jioni, wala hasumbui. Lakini akiwekwa kwenye mizani, mstari wa kadi umelala palepale. Mama anaambiwa aongeze chakula, naye anarudi nyumbani akijiuliza ataongeza wapi wakati tumbo la mwanawe linaonekana limejaa.

Mama huyo haoni vibaya. Tumbo limejaa kweli, ila sehemu kubwa ya kilichomo ni maji.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30. Hali imeboreka, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu. Kudumaa kuna sababu nyingi, na mojawapo huanzia kwenye sufuria ya uji. Sababu hiyo ina dawa yake ya nyumbani, inayojulikana tangu zamani: kimea.

Kwa nini uji hushibisha bila kujenga

Unga wa mahindi, mtama, ulezi au udaga kwa sehemu kubwa ni wanga. Ukichemshwa, chembe za wanga hunyonya maji, huvimba na kushikana. Ndiyo maana unga kidogo tu hufanya sufuria nzima iwe nzito. Mtoto wa miezi saba hawezi kumeza uji mzito, hivyo mama huongeza maji mpaka unyweke kwa kikombe.

Hesabu yake ni hii. Gramu 100 za unga mkavu wa nafaka hutoa takribani kilokalori 350 za nguvu. Uji mwepesi wa kunywa huwa na gramu 6 au 7 tu za unga katika kila mililita 100. Bakuli la mililita 200, ambalo linakaribia ukomo wa tumbo la mtoto wa umri huo, linampa kilokalori 45 hadi 50.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula cha nyongeza. Wa miezi 9 hadi 11 anahitaji 300, na akishatimiza mwaka mmoja anahitaji 550. Kwa uji mwepesi peke yake, mtoto wa mwaka mmoja angepaswa kunywa bakuli kumi na moja kila siku, na hakuna mtoto anayeweza.

Kilichomo ndani ya kimea

Wapika pombe wa kienyeji wa kanda hii wanajua kwamba uji mzito ukitiwa kimea hulegea na kuwa mwepesi, tena hupata utamu. Kinachofanya kazi hiyo ni kimeng'enya kiitwacho amilasi.

Vimeng'enya ni protini ambazo viumbe hai hutengeneza ili kuharakisha kazi za mwili. Kila kimoja kina kazi yake maalumu, na kikiimaliza mahali pamoja huhamia pengine bila chenyewe kuisha. Ndiyo maana kidogo tu hutosha. Kazi ya amilasi ni kukata minyororo mirefu ya wanga kuwa vipande vifupi na sukari. Mbegu inapoanza kuota huitengeneza kwa wingi ili kumlisha mche mchanga kutoka kwenye akiba ya wanga iliyomo ndani ya mbegu.

Sayansi yenyewe ilianzia kwenye kimea. Mwaka 1833 wanakemia wawili wa Ufaransa, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walitoa kwenye kimea cha shayiri kitu kilichoweza kuyeyusha wanga. Hicho ndicho kimeng'enya cha kwanza kutenganishwa na binadamu.

Hapa Tanzania, watafiti A. C. Mosha na Ulf Svanberg walichapisha mwaka 1983 utafiti wa kutengeneza chakula cha watoto chenye nguvu nyingi kwa kutumia unga wa nafaka zilizooteshwa. Mwaka 1990 walichapisha matokeo ya kazi yao katika kijiji cha Luganga, mkoani Iringa, kuhusu jinsi watoto walivyoupokea uji uliolegezwa kwa njia hiyo. Walionyesha kuwa unga wa kimea kidogo sana, takribani sehemu 5 katika kila 100 za unga wote, hutosha kuufanya uji mzito umezeke.

Namna ya kuandaa

Ulezi ndio unaofaa zaidi. Mama huchagua nafaka nzima ya kula, isiyo na ukungu. Mbegu za kupanda zilizotiwa dawa, ambazo mara nyingi huwa na rangi ya waridi au kijani, zisitumike kamwe.

Ulezi huoshwa na kulowekwa usiku kucha katika maji safi, kisha huchujwa. Hutandazwa kwenye kitambaa safi, hufunikwa na kunyunyiziwa maji kidogo asubuhi na jioni kwa siku mbili, mpaka vijimizizi vionekane. Hapo huanikwa juani ukauke kabisa, vijimizizi na vichipukizi hupukuswa kwa mikono na kupepetwa, ndipo husagwa. Ukiota ukungu au kunuka uvundo, hutupwa wote.

Anayetumia mtama anapaswa kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu vichipukizi na vijimizizi vya mtama huwa na sumu ya sayanidi. Lazima viondolewe vyote kabla ya kusaga. Mwenye shaka atumie ulezi.

Siku ya kupika, nusu kikombe cha unga wa kawaida hupikwa na kikombe kimoja na nusu cha maji mpaka uive na kuwa mzito kama ugali laini. Sufuria huepuliwa na kuachwa ipoe kidogo. Uji unapokuwa wa moto lakini hauchemki, huongezwa kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea na kukorogwa. Katika dakika tano hadi kumi hulegea. Baada ya hapo hurudishwa jikoni uchemke dakika chache, kisha hupozwa na mtoto hupewa.

Hatua mbili hapo hazipaswi kurukwa. Kimea hakiwekwi kwenye uji unaotokota, maana moto mkali huiharibu amilasi kabla haijafanya kazi. Na uji ulioshalegea ni lazima uchemshwe tena, kwa sababu nafaka iliyokaa na unyevu siku mbili hubeba vijidudu.

Uji wa namna hii una unga zaidi ya mara mbili ya ule mwepesi. Bakuli lilelile la mililita 200 sasa linampa mtoto zaidi ya kilokalori 100.

Makosa mawili ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kutia kimea kwenye uji uleule mwepesi wa siku zote. Kimea hakiongezi chakula, kinalegeza tu. Uji mwepesi ukilegezwa unakaribia kuwa maji, na mtoto atakuwa amepunjwa zaidi. Faida inakuja pale tu unga unapoongezwa.

Kosa la pili ni kudhani kwamba ushauri wa wahudumu wa afya umekosewa. Wao huwaambia akina mama wapike uji mzito unaokaa kwenye kijiko bila kumwagika, na ushauri huo ni sahihi kwa uji usio na kimea. Mama anayetumia kimea amweleze muuguzi kipimo cha unga anachoweka, ili naye ajue kuwa ulaini ule hautokani na maji.

Hata ukiwa mzito kiasi gani, uji wa nafaka peke yake hautoshi. Udaga hasa una protini kidogo sana. Wakazi wa kando ya ziwa wana bahati ya dagaa. Wakichambuliwa, wakaoshwa mchanga, wakakaushwa vizuri na kusagwa, kijiko chao kimoja kwenye uji huongeza protini, madini ya chuma na chokaa. Karanga zilizosagwa, maziwa, yai, mboga za majani na papai hukamilisha mlo. Nafaka na karanga zenye ukungu zisitumike hata zikioshwa, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kuosha wala kupika. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kimea hutumika pia kutengeneza togwa. Mwaka 1994 Wilbald Lorri na Svanberg walichapisha utafiti uliofanyika Tanzania ulioonyesha kuwa watoto waliopewa uji uliochachuka kwa njia hiyo waliharisha kwa kiwango kidogo kuliko wasiopewa, kwani tindikali yake huzuia vijidudu vingi. Togwa ya mtoto ni ile changa. Ikiachwa siku kadhaa huanza kuwa pombe.

Amilasi ya mdomoni

Mtu akitafuna ugali mkavu kwa muda mrefu bila kumeza, huuona unapata utamu. Hiyo ni amilasi ya mate ikikata wanga. Kazi huendelea kwenye utumbo mwembamba, ambako kongosho humwaga amilasi yake pamoja na vimeng'enya vya kukata mafuta na protini.

Kongosho la mtoto mchanga hutoa amilasi kidogo sana katika miezi ya mwanzo. Ni sababu mojawapo ya kutompa uji kabla ya miezi sita, hata kama bibi anasema mtoto analia njaa. Maziwa ya mama yanamtosha, nayo huja na vimeng'enya vyake, amilasi ikiwemo.

Zamani bibi alimtafunia mjukuu chakula kwanza. Mate yake yalianza kukikata, na nia ilikuwa njema. Leo wataalamu hawashauri, kwa sababu vidonda na damu ya fizi vinaweza kumwambukiza mtoto magonjwa, Virusi vya Ukimwi vikiwamo. Kimea kinaifanya kazi ileile bila hatari hiyo.

Inapoonekana kwenye damu

Kwa kawaida amilasi kidogo tu huwa kwenye damu. Kongosho likiumia au kuvimba, kiwango chake hupanda ndani ya saa chache. Daktari anayemwona mtoto mwenye maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, huku akitapika, anaweza kuagiza damu ipimwe amilasi, au kimeng'enya kingine cha kongosho kiitwacho lipasi.

Katika mitaa ambako watoto hujifunza baiskeli kubwa za baba zao, jambo hili linafaa kujulikana. Mtoto akianguka na usukani ukamgonga tumboni, kongosho linaweza kuumia hata kama ngozi haina jeraha. Maumivu yakiendelea, hospitali ndiyo mahali pake, wala si dawa ya minyoo wala ya tumbo kutoka duka la mtaani.

Matubwitubwi nayo hupandisha amilasi kwenye damu, kwa sababu tezi za mate zimevimba. Kwa hiyo kipimo peke yake hakitoi jibu. Daktari hukisoma pamoja na hali ya mgonjwa.

Vimeng'enya vingine viko hata nyumbani. Kile kijikaratasi cha kupimia sukari kwa tone la damu ya kidole kina kimeng'enya kinachotambua glukosi. Kikiachwa wazi kwenye joto au unyevu, kimeng'enya huharibika na kipimo hudanganya. Kopo lake lifungwe kila mara.

Mate kama ushahidi

Kwa kuwa mate yana amilasi nyingi, wataalamu wa uchunguzi wa jinai huitafuta kwenye nguo, kikombe, kipisi cha sigara au alama ya meno kwenye ngozi. Ikionekana, inaashiria kwamba huenda kuna mate hapo. Haitaji jina la mtu. Amilasi ya watu wote hufanana, tena hupatikana pia kwenye majimaji mengine ya mwili.

Jina hutafutwa kwenye vinasaba vilivyomo ndani ya seli zilizobaki kwenye mate hayo, na hapo pia kimeng'enya ndicho mtumishi. Mwanasayansi Kary Mullis alibuni mwaka 1983 njia ya kunakili kipande kidogo cha vinasaba mara mamilioni, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Njia hiyo hutumia polimerasi ya bakteria waishio kwenye chemchemi za maji moto, waliopatikana katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani. Amilasi ya kimea hufa kwenye maji yanayochemka, lakini polimerasi hiyo huvumilia joto kali linalohitajika kutenganisha nyuzi za vinasaba.

Hapa nchini, vipimo hivyo viko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, na husimamiwa na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Mzazi hawezi kwenda tu dirishani na unywele wa mtoto akitaka kujua baba ni nani. Ombi hupitia kwa wanaotambuliwa na sheria, kama mahakama, wakili au ustawi wa jamii.

Jambo la kukumbukwa zaidi na mzazi ni gumu kulizungumza. Mtoto akifanyiwa ukatili wa kingono, mkono wa kwanza wa mama hukimbilia maji na sabuni. Maji hayo huondoa ushahidi. Mtoto apelekwe hospitali mara moja kabla ya kuogeshwa, nguo zake zisifuliwe, na ziwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki huhifadhi unyevu, na kwenye unyevu bakteria huzaliana na vimeng'enya vyao huvikatakata vinasaba. Dawa za kumkinga mtoto dhidi ya Virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Taarifa hupokelewa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure.

Vidonge vinavyouzwa kwenye simu

Matangazo ya vidonge vya vimeng'enya, vinavyodaiwa kusafisha tumbo, kuongeza hamu ya kula na kunenepesha watoto, hayakosekani kwenye makundi ya WhatsApp. Vidonge vya vimeng'enya kama dawa halisi vipo, na huandikwa na daktari kwa mgonjwa ambaye kongosho lake limeshindwa kazi. Mtoto mwenye kongosho zima hana upungufu huo. Asiyeongezeka uzito anahitaji kuchunguzwa kama ana malaria, minyoo, kifua kikuu au maambukizi mengine, na anahitaji chakula chenye nguvu.

Anayeharisha aendelee kunyonya na kula, apewe maji ya ORS na zinki kama anavyoelekeza mhudumu wa afya. Uji wa kimea humfaa katika siku hizo za hamu ndogo, kwa sababu kila kijiko anachokubali kinakuwa na kitu ndani.

Kimea kina mpaka wake. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu uko chini ya sentimita 11.5, au aliyevimba miguu yote miwili, ana utapiamlo mkali. Huyo hangojei ulezi uote. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, apewe chakula-dawa na matibabu.

Kwa wengine, gharama si kubwa. Kilo moja ya ulezi hutoa unga wa kimea wa vijiko vya chai zaidi ya 200, ingawa ni vyema kuandaa kidogo kidogo na kuuhifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Kazi iliyobaki ni kuongeza unga kwenye sufuria, kuongeza kijiko cha dagaa, na kumpeleka mtoto kliniki mwezi ujao ili mizani iseme.